Helmeti ya kioo au miwani ya theluji? Mvaa miwani nimejaribu zote mbili

Nijitambulishe kwanza ili usije ukanilaumu baadaye: macho yangu ni minus nne na nusu, nikivua miwani mtu na gunia la mkaa kwangu ni kitu kimoja, na kuski, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, nimejifunza ukubwani, huu ndo msimu wangu wa tatu. Kwa hiyo kama unatafuta maoni ya mtu anayeshuka mlima kama kafyatuliwa na manati, hapa sio. Hii ni kwa ajili ya wenzangu mlioletwa huku kwenye baridi na shule, kazi au ndoa, mnavutwa mlimani kila wikendi na mashemeji, afu mnafika dukani mnaambiwa chagua helmeti na hujui hata unachagua nini.

Mimi nakaa Innsbruck, Austria, kwa dada yangu. Mji umezungukwa na milima kila upande na umeshaandaa Olimpiki ya baridi mara mbili, 1964 na 1976, yaani huku mtoto akishajua kukimbia anavalishwa ski. Mpwa wangu ana miaka sita na ananipita kama nimesimama. Wakenya wao wana Sabrina Simader, kakulia huku huku Austria na kawawakilisha Olimpiki ya Pyeongchang 2018, sisi Watanzania bado tupo kwenye hatua ya kuuliza kama theluji inalowesha nguo.

Kilichonitia wasiwasi tangu siku ya kwanza ni helmeti. Dar nimepanda bodaboda miaka na miaka na ile elementi ya abiria nimeikataa kila siku, moja inanuka jasho la mji mzima, mbili ukiivaa unajihisi umefunikwa ndoo, honi huisikii na pembeni huoni. Sasa shemeji yangu, Mtirol wa kuzaliwa (Tirol ndo jimbo lenye Innsbruck), akaniambia bila helmeti hanipeleki, na mimi nikamwambia nikivaa sitaona wanaokuja. Tukabishana jikoni kama tunagombania urithi.

Na hoja yangu haikuwa ya kijinga, jamani. Mlimani kuna kanuni kumi za FIS, lile shirikisho la kimataifa la ski, na mojawapo inasema aliye nyuma ndo anatakiwa kumkwepa wa mbele, maana wa mbele hana macho kisogoni. Hapo sawa. Ila ukishasimama pembeni kupumua (na mimi nasimama sana) ukitaka kuondoka tena, au unapoingia kwenye njia nyingine, jukumu linahamia kwako, wewe ndo unaangalia juu na chini kwanza. Mtu wa snobodi, ule ubao mmoja wa kusimamia miguu yote miwili, anakuja kasi, ukichelewa kumwona kwa kona ya jicho mmeshakuwa chapati.

Basi tukafanya jaribio. Nikakaa kwenye stuli katikati ya jiko nakodolea ile sumaku ya twiga kwenye friji, dogo, yule mpwa wangu, kasimama nyuma ya bega langu kashika mwiko wa ugali, anauleta taratibu kutoka nyuma ya sikio kuja mbele, mimi sigeuzi shingo, nikiuona tu nasema "hapo" na dada anabandika tepu sakafuni. Tukarudia kushoto na kulia, kofia ya sufu, helmeti tupu, helmeti na miwani ya theluji ya kukodi (ile mikubwa yenye mkanda wa kuzunguka kichwa), na mwisho helmeti yenye kioo chake mbele.

Kofia ya sufu, mwiko niliuona ukiwa umelingana na sikio. Helmeti tupu, tepu ilibandikwa pale pale, labda upana wa kidole. Nilishangaa. Helmeti za ski sio kama za pikipiki zile za kufunika uso mzima, ukingo wake unaishia juu ya paji la uso na pembeni unarudi nyuma, sehemu ya jicho imeachwa wazi kabisa. Afu ikaja miwani ya theluji ya kukodi, hapo sasa dogo akaanza kulalamika, "Ma'mdogo bado huoni? Ma'mdogo huoni tu?" Mwiko ulikuja mbele viganja viwili kamili kabla sijauona. Ule ukingo mnene wa plastiki pamoja na sponji lake vinakaa pale pale ambapo kona ya jicho inafanya kazi. Helmeti ya kioo ikarudi karibu na helmeti tupu, tofauti ndogo sana.

Shemeji akacheka, akasema mbona hilo lilishapimwa kitambo na chuo kikuu cha hapa hapa Innsbruck, walitoa matokeo 2011, waliwapima watu wanachukua muda gani kugundua kitu kinachotokea pembeni, na walichokuta ni kwamba helmeti peke yake haichelewishi chochote cha maana, kinachochelewesha ni miwani ya theluji. Ningemwamini tangu mwanzo tusingechafua sakafu na tepu, ila angesema hayo kabla hatujagombana.

Kwa hiyo lawama zote nilizokuwa nazo juu ya helmeti nikazihamishia kwa miwani. Na hapo ndo tathmini yenyewe inaanza, sababu huwezi kuacha miwani ukasema utatumia macho matupu. Ukiwa mlimani jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini, kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10, na theluji mpya inairudisha usoni kwako hadi asilimia 80. Wale wapagazi na waongozaji wetu wa Kilimanjaro wanajua, mtu akitembea kwenye barafu bila miwani jioni macho yanamuuma kama kamwagiwa mchanga, kioo cha mbele cha jicho kimeungua kama ngozi inavyoungua. Bado upepo wa kasi na chembe za barafu.

Nilianza na HELMETI YA KIOO. Niliikodi siku nne kwenye duka moja huku, jina naliacha. Hii ni helmeti ambayo kioo chake kimeungwa hapo hapo, unakishusha kama cha pikipiki na kukipandisha. Wavaa miwani wote wanaisifia na nimeelewa kwa nini, unavaa miwani yako ya kawaida, unashusha kioo juu yake, hakuna kinachokubana masikioni, hakuna mkanda wa kuhangaika nao na glovu mkononi. Kwenye lifti ya viti unapandisha unapiga stori, ukifika juu unashusha. Pembeni naona vizuri, na hata chini naona ncha za ski zangu, kitu ambacho kwa sisi tunaojifunza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana mimi bado naangalia miguu yangu kama mtoto anayejifunza baiskeli. Mwalimu anasema niache. Nitaacha nikiweza.

Siku mbili za kwanza ningeipa nyota tano. Tulikuwa Stubai, ule mlima wa barafu, kama saa nzima kwa basi kutoka mjini, sehemu ya wanaoanza iko pale Gamsgarten mita 2,600 na kitu, jua linawaka, upepo hakuna. Siku ya tatu shemeji akanishawishi twende juu zaidi na upepo ukaamka. Kile kioo kwa chini hakikai usoni vizuri, kina raba laini inatakiwa igusane na mashavu, ila kimetengenezwa kwa pua ndefu nyembamba, pua yangu mimi ya Kitanga inaacha uwazi pande zote mbili unaopitisha kidole. Nikiongeza mwendo upepo unaingia kwa chini, machozi yanatoka, yanaganda kwenye miwani yangu. Fikiria unashuka mlima huku unalia na hujafiwa. Afu theluji ikaanza kudondoka na mimi kwenye lifti nimepandisha kioo kama kawaida yangu, vipande vikatua upande wa ndani, niliposhusha vikayeyuka, kikafanya mvuke, na miwani yangu nayo ikafanya mvuke, nikawa na ukungu wa ghorofa mbili.

Na kioo chenyewe kilikuwa kimoja tu, rangi ya wastani. Adhuhuri kwenye barafu kinapitisha mwanga mwingi mno, jioni kinapitisha kidogo mno. Kukibadilisha inawezekana lakini ni kukifungua na kubeba kingine kikubwa kama sahani ya biriani, nani anabeba hicho kwenye begi. Mikwaruzo nayo, ukiiweka helmeti mezani vibaya tu kimechubuka katikati ya jicho. Madukani nilizoziona za kununua zinaanzia euro 200 kwenda juu, na kwa hela hiyo nataka kitu kinachofanya kazi hata siku mbaya.

Kabla sijaenda kwenye miwani niseme habari ya NYWELE maana hakuna tathmini ya Wazungu itakayokwambia hili. Wiki ya kwanza nilikuwa na rasta nimezifunga fundo kubwa kisogoni. Helmeti ikawa inasukumwa mbele, ukingo wake unaikandamiza miwani ya theluji, miwani inashuka inaibana pua, sasa kwa juu naona plastiki na kwa chini naziba pumzi. Nikaisogeza helmeti nyuma, paji la uso likabaki wazi, baridi inaingia pale kati ya helmeti na miwani mpaka kichwa kinauma, na zaidi ya baridi ukianguka kifudifudi hapo hapo ndo unapigia. Yaani nywele zilikuwa zinaniharibia macho. Dawa yake ni twende kilioni, mistari mirefu iliyolala, ncha zake zitokee chini shingoni, juu yake skafu nyembamba ya hariri kama unataka kulinda nywele. Helmeti ikakaa palepale inapotakiwa, vidole viwili juu ya nyusi, ukitikisa kichwa na ngozi ya paji inatikisika nayo. Ukienda dukani kupima, nenda umeshasuka mtindo utakaouvaa mlimani. Na beba miwani yako ya theluji, maana juu ya miwani na chini ya helmeti vinatakiwa vigusane bila kusukumana, mkunjo wa helmeti moja haulingani na wa miwani yoyote tu.

Sasa MIWANI YA THELUJI. Ile ya kukodi niliyofanyia jaribio la mwiko ilikuwa na lenzi ya kioo kama cha kujitazamia, rangi ya bluu, picha zinatoka kali sana. Kijana wa dukani aliniambia "hii inakupendeza", na mimi nikapendezwa. Hakuniuliza hali ya hewa. Kwenye fremu kulikuwa kumeandikwa S3 kwa maandishi madogo, nami sikujua maana yake. Ni daraja za giza la lenzi, zinaanzia S0 mpaka S4, S3 inapitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga, ni ya jua kali, S1 inapitisha 43 hadi 80, ni ya mawingu na theluji inayodondoka, S2 iko katikati, na S4 ni giza kiasi kwamba hairuhusiwi hata kuendeshea gari. Saa tisa mchana wingu likashuka. Wale mliowahi kusafiri Njombe mwezi wa saba asubuhi mnaujua ukungu, ila ule angalau una barabara nyeusi chini. Huku chini nyeupe, juu nyeupe, kivuli hakuna, na bila kivuli tuta hulioni, shimo hulioni, wakati mwingine hujui hata kama unatembea au umesimama. Mimi nilikuwa nimesimama, kwa akili yangu, kumbe nateleza taratibu kurudi nyuma. Nikaenda kukaa juu ya mtu. Mama wa Kijerumani, mstaarabu sana, akanisaidia kuamka, akanionyesha lenzi yake ya rangi ya chungwa na kuniazima nijaribu. Jamani! Matuta yakatokea kama kuna mtu kayachora. Lenzi za njano, chungwa na waridi zinapunguza ule mwanga wa bluu uliotawanyika na kile kidogo cha kivuli kilichopo kinaonekana.

Jambo lingine watu wanalichanganya, giza la lenzi na kuzuia mionzi ya jua ni vitu viwili tofauti. Lenzi nyepesi ya S1 ya maana inazuia mionzi vizuri tu, kwa hiyo usiogope kuivaa siku ya mawingu ukidhani macho yataungua.

Nilichonunua mwisho ni helmeti ya kawaida na miwani ya theluji ya kuvalia juu ya miwani, ile yenye tundu pembeni za kupitishia mikono ya miwani yako, inakuja na lenzi mbili, moja S3 moja S1, zinashikwa na sumaku, kubadilisha ni sekunde kadhaa hata glovu huvui zote. Nilichagua fremu yenye lenzi pana iliyovimba kote kote kama yai badala ya ile iliyokunjwa kama bati, na ukingo mwembamba. Tukaurudia mwiko. Dogo akabandika tepu yake, bado ni mbele kuliko helmeti tupu, ila kiganja kimoja kimerudi. Chini bado inakata, ncha za ski zangu sizioni mpaka niinamishe kichwa, labda ndo itanifanya niache ile tabia.

Mvuke ndo mtihani wake mkubwa. Lenzi zake zina tabaka mbili na hewa katikati, kama madirisha ya huku, ndo maana ya ndani haipoi haraka. Lakini miwani yangu ya macho iko ndani kule haina tabaka lolote, inapata mvuke yenyewe. Nimejifunza kwa machungu: skafu ya shingoni usiivute ikafunika pua, pumzi yote inapanda juu moja kwa moja. Miwani ya theluji usiiweke juu ya paji ukiwa unapumzika, jasho la kichwa linaijaza, iache machoni au ivue kabisa uiweke kwenye mfuko wake. Matundu ya helmeti mbele yafungue hata kama kuna baridi, hewa inapita juu ya miwani na kutoka na mvuke. Na ndani ya lenzi usifute kwa glovu kamwe, pale pamepakwa dawa ya kuzuia mvuke na ukifuta unaitoa, papase maji kwa kile kitambaa chake laini au iache ikauke yenyewe. Siku ambazo najua tutakaa juu kutwa navaa lenzi za kuweka machoni, zile za siku moja unatupa, na hapo tofauti ni ya mbingu na ardhi, hata pembeni naona safi sababu fremu ya miwani yangu haipo. Ila kuweka vidole jichoni saa kumi na mbili asubuhi sio kila siku nina moyo huo.

Helmeti yenyewe sina mengi. Ina alama ya usalama ya EN 1077, na hiyo ndo ya kuangalia kwa Ulaya. Yangu ni daraja B, masikioni ni laini, ya daraja A ni ngumu mpaka masikioni kama za wanaoshindana. Nimechagua B kwa sababu nasikia ski za mtu zikikwaruza theluji nyuma yangu kabla sijamwona, na kwa macho haya sikio nalihitaji. Gramu 400 na kitu, baada ya dakika kumi unasahau kuwa umevaa. Kisheria hapa Tirol hakuna anayekulazimisha, majimbo mengine mengi ya Austria yanalazimisha watoto hadi miaka 15, lakini ukivuka mpaka tu hapo Brenner ukaingia Italia, wao walikuwa wanawalazimisha wote chini ya miaka 18 tangu Januari 2022 na sasa tangu Novemba 2025 ni kila mtu, kwa hiyo usiende kule na kofia ya sufu.

Nyota: helmeti ya kioo naipa tatu, nne kama wewe unaski siku za jua tu na una pua inayotosha kile kioo. Helmeti yangu ya kawaida tano. Miwani ya kuvalia juu ya miwani nne, nimekata moja kwa ajili ya mvuke na kwa ajili ya bei, euro 130 ikiwa na punguzo, dada mpaka leo hajui. Ile S3 ya bluu ya kukodi naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya picha.

Mwisho, kama kuna mtu yuko Innsbruck au karibu ana lenzi ya akiba ya S1, ile ya chungwa, ya sumaku, aniambie nimpe vipimo. Yangu dogo kaikalia.